Udongo wa Chini

Mkono wa kushoto wa Mama Mtandio ulikuwa na duara jeusi kwenye kifundo, gumu kama ngozi ya kisigino. Ungemwona sokoni akichagua nyanya ungedhani ni alama ya bangili aliyoivaa tangu usichana. Haikuwa bangili, ilikuwa pingu. Na mwenye mkono huo hakuwahi kufungwa hata siku moja. Alikuwa askari wa gereza la wanawake, na kazi yake kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa kuwapeleka wafungwa wakazike watu wao, kisha kuwarudisha.

Hakuiomba kazi hiyo. Alipewa kwa kuwa alikuwa mgeni kazini, na mgeni ndiye anayekalishwa kwenye kiti kibovu. Askari wenzake waliiogopa. Walisema ukiandamana na msiba, nao msiba utaandamana nawe mpaka mlangoni kwako. Akapewa mara ya kwanza, akapewa ya pili, na ya tatu hakuna aliyeuliza tena nani anakwenda.

Kulikuwa na jambo jingine lililowatia wenzake hofu. Zamani, kabla yeye hajaajiriwa, mfungwa mmoja alimpora askari ufunguo katikati ya waombolezaji, akayeyuka na umati. Tangu hapo ikaamriwa kwamba ufunguo wa pingu usivuke lango. Mfungwa anafungwa mkono wa kulia, askari wa kushoto, wanatoka wakiwa wameunganishwa, na ufunguo unabaki umening'inia kwenye ubao wa mtunza funguo pale langoni. Mmoja akitaka kwenda haja, wanakwenda wote wawili. Mmoja akipiga chafya, mwenzake anatikisika.

"Hiyo ni ndoa," walimtania kazini. "Tena ndoa yenyewe haina talaka mpaka saa kumi jioni."

Safari yake ya kwanza alitoka na pingu ikiwa wazi, inang'aa juani kama kijiko kipya. Msiba mzima ukaacha kutazama jeneza, ukatazama mikono. Mtoto mdogo wa yule mfungwa, wa miaka minne hivi, akamvuta mama yake nguo, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Mama, huyu mtu umemfunga kwa nini? Amekukosea nini?" Watu wakainama kuficha vicheko, na mama wa mtoto akainama kuficha uso. Jioni ile yule askari mgeni alipita dukani, akanunua mtandio mweusi, mpana, wa kitambaa kizito. Toka siku hiyo aliufunika mnyororo kwa mtandio, akaushika mkono wa mfungwa vidole kwa vidole, na aliyewatazama aliona wanawake wawili walioshikana kwa uchungu. Jina likamkaa. Wafungwa wakamwita Mama Mtandio, na hata karani wa mishahara akawa anachelewa kulikumbuka jina lake la kwenye karatasi.

Huko misibani walimpokea kama ndugu. "Pole mwanangu." "Poleni wifi." Mwanzoni alijaribu kueleza kwamba yeye si wa ukoo, akaona anawaongezea watu kazi. Akajifunza kujibu, "Tumeshapoa, asanteni," akala alichopewa kwa mkono wa kulia, na kuzikia watu asiowajua mama zao, waume zao, na watoto wao wachanga.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa maneno. "Wewe mwanamke," alikuwa akimwambia huku akinoa wembe, "unalia misiba ya watu kila mwezi. Zamu yangu ikifika utakuta kisima kimekauka."

Zamu ya mumewe ikafika. Maziko yakaisha, na mashoga zake wakamwambia baadaye, kwa upole, jambo walilokuwa wakinong'onezana: muda wote alisimama kaburini na mkono wa kushoto ukiwa umetengana kidogo na mwili, umekunjwa, kama anayemshika mtu ambaye hayupo. Yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Ndivyo alivyokuwa mwanamke huyo mwaka alioletewa kibali cha Fundi.

Huyo Fundi alikuwa mfungwa, mshonaji katika karakana ya gereza, mwenye kifungo cha miaka minane na minne ameshaimaliza. Walimwita Fundi kwa sababu hakukuwa na mashine iliyomshinda. Iliyokuwa ikikata uzi aliilaza ubavu, akaitia mafuta matone mawili, akaisemesha, ikakubali. Kosa lake lilikuwa la nyumbani. Kaka yake mkubwa alitaka nyumba ya mama yao iuzwe, yeye hakutaka. Maneno yakapanda, na mkononi alikuwa na pasi aliyokuwa akinyoshea nguo za wateja. Kaka akapoteza jicho. Nyumba ikauzwa hata hivyo, na mama akahamia kwa mwanawe wa kiume.

Sasa mama alikuwa amefariki, na Fundi alikuwa amepewa ruhusa ya msiba. Ruhusa hiyo mfungwa huipata mara moja tu katika kifungo chote. Ukiitumia kwa mama, baba akifa wiki ijayo utamlilia kwenye godoro lako.

Asubuhi ya safari, Mkuu wa gereza alimwita Mama Mtandio ofisini. Mkuu huyu alikuwa mgeni, hana hata miezi sita, na hakuzipenda ruhusa hizi tangu alipofika.

"Gari zima, dereva, askari, siku nzima," alisema bila kuinua macho. "Kwa mtu ambaye keshakufa, hajui nani kaja nani hakuja."

"Walio hai wanajua, Afande."

"Kibali kinasema saa nne kutoka, saa kumi kuingia. Nimeshawaandikia wakubwa kwamba mpango huu hauna maana, nasubiri sababu tu. Mkichelewa dakika moja, ninaufuta. Sisemi kwa huyu peke yake. Kwa wote. Umenielewa?"

Alimwelewa. Katika mabweni yale kulikuwa na wanawake zaidi ya mia mbili, na kila mmoja alikuwa na mzazi anayezeeka mahali fulani.

Mtunza funguo akafunga pingu, akatundika ufunguo ubaoni, akapiga mstari kwenye daftari lake. "Haya maharusi," alisema, "nendeni salama." Kisha akamwona Fundi usoni, akakohoa. "Pole sana, mama. Mungu awatie nguvu."

Safari ilikuwa ya karibu saa moja na nusu. Dereva, mtu mnene mwenye roho nyeupe na mdomo usiojua kufungwa, alieleza habari za breki, za mkwewe, na za mbuzi aliyeingia kanisani. Walipoiacha lami ndipo Fundi alipofungua mdomo.

"Afande."

"Naam."

"Mkono wako mgumu kuliko wangu."

"Wa kwangu una vifungo vingi," alijibu Mama Mtandio, na Fundi, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akatoa pumzi iliyofanana na kicheko.

Nyumba ya kaka ilikuwa ya vyumba vitatu na sebule. Viti vilikuwa vimetolewa nje, makochi yameegemezwa ukutani, na wanawake wamekaa chini juu ya mikeka, miguu imenyooshwa. Harufu ya moshi na ya watu wengi. Jeneza lilikuwa katikati ya sebule juu ya meza mbili zilizounganishwa, na lilikuwa limeshapigiliwa misumari.

Kando ya jeneza alikaa shangazi mtu, bibi kizee mwenye ukungu machoni. Alisikia minong'ono, akanyoosha mikono hewani mpaka akaipata mikono miwili chini ya mtandio. Akaipapasa yote, akasita.

"Mnanichanganya," alisema. "Wa jela ni yupi?"

"Mimi, shangazi."

"Wewe? Mbona mkono wako laini hivi, na huyu ndiye kama kavunja mawe?" Kikongwe akautingisha mkono wa askari. "Mlisheni na huyu, jamani."

Wanawake wakacheka, hata waliokuwa wakilia, kisha kicheko kikageuka kilio tena kwa pamoja, kama kawaida ya vyumba vya namna ile. Shangazi akamvuta Fundi sikio. "Niliwaambia waliache wazi mpaka ufike, mwanangu. Kaka yako akasema joto. Joto gani hili? Mimi hapa nimejifunika shuka."

Fundi akaweka kiganja cha kushoto, kile kilicho huru, juu ya mbao, akakisogeza polepole kutoka kichwani mpaka miguuni na kukirudisha, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

Maziko yalipangwa saa saba mchana. Hesabu ilikuwa rahisi: saa saba wanazika, saa nane na nusu gari linaondoka, saa kumi kasoro wako langoni. Mama Mtandio alikuwa na saa ya mkononi, mkono wa kulia, na aliitazama kama mama anavyotazama maziwa jikoni.

Saa sita na nusu, kaka mtu akasimama mlangoni. Alivaa miwani yenye kioo kimoja cheusi. Alikuwa mwembamba, shati limenyoshwa vizuri, na sauti yake haikuwa ya mtu mbaya.

"Ndugu zangu, samahani. Kuna mjomba wetu yuko njiani, anatoka mbali. Tumeona si vizuri kumzika dada yake bila yeye. Kwa hiyo maziko tumeyasogeza mpaka saa kumi jioni."

Chumba kikaguna. Mkono wa Fundi ndani ya mtandio ukawa baridi ghafla, kama umetumbukizwa kwenye maji.

Mama Mtandio akainuka, Fundi akainuka naye, wakatoka mpaka garini. Dereva alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari na sahani mapajani.

"Umezungumza na mwenye msiba?"

"Yule wa miwani? Muungwana sana yule, Afande. Kaniletea mwenyewe chakula. Tumeongea weee."

"Alikuuliza nini?"

"Kawaida tu. Safari ilikuwaje, na... na mnatakiwa kuondoka saa ngapi." Dereva akaacha kutafuna. "Nikamwambia saa nane na nusu lazima tuwe barabarani, Mkuu wetu hana mchezo." Akaitazama sahani yake. "Afande, mimi nilidhani anataka kutuwahishia."

Ulimi hauna mfupa, na wa dereva ulikuwa haujawahi hata kuwa na gegedu. Mama Mtandio hakumgombeza. Alimgeukia kaka mtu, aliyekuwa akiwatazama kutoka barazani kwa lile jicho moja, akamwendea, na Fundi akavutwa nyuma yake.

"Kaka, nisikilize. Huyo mjomba yupo kweli?"

"Yupo."

"Na akifika saa kumi na mbili, mtazika saa kumi na mbili?"

Kaka akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Mahali pa jicho palikuwa na kovu lililokunjamana kama kitovu. Fundi akatazama pembeni.

"Mama yangu nilimlea miaka minne," alisema kaka, akiongea na askari tu, kana kwamba mkono wa pili wa ile pingu ulikuwa mtupu. "Nilimwogesha, nikamlisha kwa kijiko. Usiku wa mwisho nimemshika mkono, ananiambia mwite mdogo wako. Namwambia mama, ni mimi, niko hapa. Anasema najua uko hapa, mwite mdogo wako." Akarudisha miwani. "Alimtaka yeye, hakumpata. Na yeye leo amtake, asimpate. Wakae sawa."

"Kaka," alisema Fundi, na hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia kwa miaka minne. "Kaka, nisamehe."

Mwanamume yule akaingia ndani.

Miaka ishirini na miwili, na jambo hili Mama Mtandio alikuwa hajaliona. Alishaona wafungwa wakitukanwa makaburini, alishaona mmoja akitemewa mate. Kunyimwa maziko kwa hila ya saa, hapana. Akajua kwamba angeweza kubaki. Dereva asingethubutu kuondoka bila wao. Wangekaa mpaka saa kumi, wangezika, na Fundi angemwaga udongo wake kama mtoto wa mtu. Kisha Mkuu angechukua kalamu. Akamfikiria yule mfungwa mzee wa bweni la pili ambaye mume wake alikuwa na saratani, na kila Jumatatu aliuliza langoni kama kuna simu.

"Tutaondoka saa yetu, Fundi," alisema. "Siwezi."

"Najua, Afande. Wala sikuombi."

Asingesema hivyo ingekuwa afadhali. Mama Mtandio akasimama pale uani, jua la utosi, watu wakipita na ndoo za maji, akasoma tena kibali kutoka mfukoni, mstari kwa mstari, kama anayetafuta sindano kwenye zulia. Kisha akaita mtoto wa pale nyumbani amwonyeshe makaburi yalipo.

Hayakuwa mbali, dakika kumi kwa miguu, nyuma ya kiwanda cha matofali. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Wachimbaji walikuwa wamelala kwenye kivuli cha ukuta, isipokuwa kiongozi wao, mwashi mmoja wa makamo, ambaye alikuwa ndani ya shimo mpaka mabegani na pimamaji mkononi, akipima usawa wa sakafu ya kaburi kama anayetaka kupanga vigae.

"Shikamoo," alisema Fundi.

"Marahaba. Mbona mmekuja kabla ya mwenyewe?"

Mama Mtandio akamweleza. Hakuficha kitu. Akaondoa mtandio, akamwonyesha mnyororo, akamwambia habari ya saa nane na nusu na ya saa kumi. Mwashi alisikiliza huku akikwangua matope kwenye pimamaji kwa ukucha.

"Sasa mnataka nifanye nini?"

"Binti yake aweke udongo wake sasa hivi. Kabla."

"Kwenye shimo tupu?" Mwashi akatikisa kichwa. "Dada yangu, mimi nimelisawazisha hili tangu asubuhi. Mkitupa mabonge humu, jeneza litakaa upande, na marehemu atalala kichwa chini maisha yake yote."

"Hatatupa mabonge," alisema Fundi. Akapiga magoti kwenye kifusi. "Nitauchekecha."

Na Mama Mtandio, atake asitake, akapiga magoti naye. Fundi akachota kwa mkono wa kulia, akasugua udongo kati ya viganja viwili, akatoa mawe, akatoa mizizi, akaupepeta mpaka ukabaki unga mwekundu laini kama poda ya mtoto. Kila mkono wake ulipokwenda, mkono wa askari ulikwenda. Baada ya muda Mama Mtandio akaona ni upuuzi mkono wake kupanda na kushuka bure, akaanza naye kusugua. Wakajaza karai la mwashi. Jasho likawatiririka puani na kudondokea humo humo.

Mwashi akalipokea karai mle chini. Akaumwaga udongo taratibu, akauvuta kwa bapa la koleo, akaweka pimamaji, akavuta tena.

"Upande wa kichwa ongeza kidogo," alisema Fundi akiwa amelala kifudifudi ukingoni. "Alikuwa hapendi kulala chini sana. Kifua."

Mwashi akaongeza upande wa kichwa. Wachimbaji wengine walikuwa wameshaamka, wamekaa, kofia mkononi.

Hapo ndipo kaka alipotokea, ameambiwa na watu. Alisimama kwenye kona ya ukuta wa kiwanda, anahema.

"Nani amewaruhusu?"

"Mimi," alisema mwashi bila kugeuka. "Jeneza likishaingia, kaburi ni lenu. Kwa sasa bado ni kazi yangu, na sijaimaliza."

Kaka akawatazama wale wanawake wawili, wekundu mpaka viwikoni, na mnyororo mwekundu kati yao. Akafungua mdomo, ukadhani atalia, ukadhani atasema neno la kutua mzigo. "Haya," alisema. "Zikeni shimo." Akageuka, akaenda zake.

Saa ilikuwa nane na dakika kumi na tano. Mwashi akapanda ngazi, akajipangusa.

"Watu wote wataweka udongo juu yake," alimwambia Fundi. "Kesho mvua ikinyesha utachanganyika, hutajua wa nani ni upi. Ila wako yeye ataulalia. Huo hauondoki."

"Asante, baba," alisema Fundi. "Nimemtandikia."

Dereva aliendesha gari njia nzima bila kufungua mdomo, na hiyo peke yake ilikuwa adhabu ya kutosha kwa mtu wa aina yake. Walifika langoni zikiwa zimebaki dakika sita kufika saa kumi. Mkuu alikuwa dirishani kwake, ameshika pazia. Akalitazama gari, akaitazama saa ya ukutani, akaliachia pazia.

Mtunza funguo akatoa ufunguo ubaoni, akauingiza kwenye tundu. Haukuzunguka. Akautoa, akaupuliza, akauingiza tena. Ule unga laini ulikuwa umeingia kitasani, umechanganyika na jasho, umekauka njiani. Akajaribu pingu ya askari, akajaribu ya mfungwa.

"Mlikuwa mnazika au mnalima?" aliuliza. Akagonga, akalaani, akatuma mtu jikoni alete mafuta ya kupikia. Yakamwagwa, yakafanya tope, hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. "Kaeni hapo kwenye benchi. Natafuta msumeno wa chuma, na nikiukosa mtalala hivyo hivyo kama mapacha."

Wakakaa kwenye benchi la mbao langoni, mahali ambapo wageni huandikishwa majina. Jua lilikuwa limeshuka, limepita kati ya nondo na kulala miguuni mwao.

"Afande, saa ngapi?"

"Kumi na dakika ishirini."

Fundi akaitazama mikono yake. "Wanatoka naye ndani sasa. Mlango wa kaka ni mwembamba, itabidi waliinamishe." Akasugua tope lililokauka kwenye vidole. "Shangazi wamemshika mkono. Anauliza kama wamefika." Jua likawapanda mpaka magotini. "Sasa wamefika. Wanapitisha kamba."

Mama Mtandio aliufunika mnyororo kwa mtandio, kwa mazoea, ingawa hapakuwa na mtu wa kuwatazama.

"Wanamshusha," alisema Fundi. "Taratibu jamani. Taratibu. Upande wa kichwa kwanza." Mkono wake wa kulia ukawa unashuka polepole juu ya paja, na wa askari ukashuka nao. Ulipofika mwisho, sauti ilimtoka, sauti ambayo kule nyumbani kwa kaka hakuitoa, wala kaburini, wala njiani. Mtunza funguo aliyekuwa akija na msumeno akasimama, akageuka, akarudi alikotoka. Fundi alilia ameinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Askari akainama naye, kwa kuwa mnyororo ulikuwa mfupi, na machozi yakamjia, yeye ambaye hakuwa na mtu katika kaburi lile. Kisima, kumbe, kilikuwa bado na maji.

Ilipokaribia saa kumi na mbili, Fundi akajipangusa pua kwa bega.

"Afande. Mafuta ya cherehani. Droo ya mashine ya tatu, kichupa chenye mdomo mrefu. Matone mawili kila upande, usubiri kidogo, utafunguka."

Ufunguo wa karakana ulikuwa kwenye ubao ule ule, hatua nne kutoka benchi. Mama Mtandio alimtazama.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ufunguo ulipokataa mara ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa sijamaliza kuzika."

Matone mawili kila upande, pingu zikafunguka. Fundi akapekuliwa, akanawishwa mikono kwa amri, akapelekwa bwenini. Mama Mtandio akabaki na fomu. *Je, mfungwa ameshuhudia maziko? Ndiyo / Hapana.* Akichagua *Ndiyo*, amesema uongo. Akichagua *Hapana*, Mkuu ataichukua kama ushahidi kwamba safari nzima ilikuwa bure. Akaziacha zote mbili, akaandika pembeni kwa mkono: *Mfungwa aliweka udongo.*

Mkuu hakuona pa kushika. Muda ulikuwa sawa, fomu ilikuwa na saini. Lakini mtu wa namna ile hakosi la kufanya. Jumatatu iliyofuata likabandikwa tangazo langoni: *Ni marufuku kuanzia sasa pingu za gereza kugusana na udongo wakati wa ruhusa za msiba.* Askari walilisoma, wakacheka kwa kuguna. Mfungwa mzee wa bweni la pili alikuja kuuliza kama kuna simu, akalisoma naye, akamwuliza Mama Mtandio, "Kwa hiyo mimi mume wangu nitamzika kwa macho?"

Mchana huo Mama Mtandio alipita karakana, akamkuta Fundi kwenye mashine ya tatu, akamsomea tangazo neno kwa neno. Fundi alisikiliza akiwa amekanyaga pedali, hakuisimamisha mashine. Akainua mkono wa kushoto wa askari, akazungusha utepe wa kupimia kwenye lile duara jeusi, akaandika namba kwa chaki mezani.

Baada ya siku mbili akamkabidhi mifuko miwili midogo ya kitambaa cheusi, imeshonwa mara mbili ukingoni, yenye mpira ndani, ya kuvalishwa juu ya pingu, udongo usiiguse wala unga usiingie kitasani. Simu ya yule mzee ilikuja kabla mwezi haujaisha. Langoni, mtunza funguo aliwafunga, akazivalisha pingu ile mifuko, akavuta mpira kuhakikisha umebana, na Mama Mtandio akatandaza mtandio juu.